"Hata Mpemba Walimcheka": Hoja Inayouza Dawa Stendi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Babati. Jioni moja napita karibu na stendi, nikakuta watu wamemzunguka jamaa mwenye spika ndogo na meza iliyojaa vichupa. Ndani ya vichupa kuna unga wa mizizi. Kwa maelezo yake, unga ule unatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na maumivu ya mgongo. Kijana mmoja, nadhani mwanafunzi, akauliza kwa adabu kabisa: "Kaka, samahani, hii dawa imepimwa wapi?"

Jamaa hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyekuwa anangoja swali hilo. "Mdogo wangu, wewe umesoma. Unamjua Mpemba? Mtanzania mwenzetu. Alisema maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi, mwalimu akamcheka, darasa zima likamcheka. Leo dunia nzima inasoma jina lake. Na mimi mnicheke tu."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Kijana akanyamaza, na vichupa vitatu vikanunuliwa palepale.

Ningeondoka na kusahau, ila chupa kama ile nilikuwa nimeiona asubuhi, juu ya kabati la shangazi yangu. Shangazi ana kisukari, huu ni mwaka wa nane. Pembeni ya chupa kulikuwa na pakiti ya vidonge vya kliniki, haijafunguliwa. Nilipomuuliza akaniambia ameviacha wiki tatu zilizopita. "Mwanangu, tangu nianze huu unga tumbo limetulia, nalala vizuri, mwili mwepesi. Vile vidonge vilikuwa vinanimaliza."

Kwa hiyo leo naomba tuichambue hoja ya yule jamaa. Yeye mwenyewe simjui na sina ugomvi naye. Hoja yake, lakini, nimeisikia sehemu nyingi: kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwa watu wenye digrii. Inasikika kama hoja ya kisayansi kwa sababu ina jina la mwanasayansi ndani yake. Nitajaribu kukuonyesha kwamba haina sayansi ndani, na kwamba kisa cha Mpemba chenyewe, ukikisoma vizuri, kinaipinga.

Kwanza, kisa chenyewe

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, kisha unaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ndogo. Siku moja mwenzake mmoja aliharakisha, akaweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye, akiogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi walirudi wakakuta ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Jibu: umechanganya mambo, haiwezekani. Baadaye akawasikia watengenezaji wa aiskrimu wa Tanga wakisema wao huweka mchanganyiko ukiwa moto makusudi, ili ugande upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena darasani. Mwalimu wa huko alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ile ya dunia nzima. Wenzake wakaifanya utani: kila akikosea hesabu, wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Sehemu inayofuata ndiyo huwa inarukwa. Mpemba hakukaa kulalamika kwamba anachekwa. Alipata nafasi maabara ya biolojia, akachukua bika mbili ndogo, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji yaliyochemka, akaziweka kwenye friza na kuangalia. Halafu akaja mgeni shuleni, Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lenye namba: ukichukua bika mbili zenye maji kiasi sawa, moja nyuzi joto 35 na nyingine nyuzi 100, ukaziweka kwenye friji, ya nyuzi 100 inaganda kwanza, kwa nini?

Darasa likacheka. Osborne naye hakuamini. Lakini alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudisha jibu kwamba kweli maji ya moto yameanza kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Ni sentensi ya kuchekesha, ila iweke akilini, tutairudia. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa Chuo cha Wanyamapori Mweka.

Hicho ndicho kisa. Sasa turudi stendi.

Kosa la kwanza: umbo la hoja

Ukiivua hoja ya jamaa nguo zake, inabaki hivi:

Mpemba alichekwa, na alikuwa sahihi.
Mimi nachekwa.
Kwa hiyo mimi ni sahihi.

Hebu ijaribu kwa kitu kingine. Ng'ombe ana miguu minne, na anatoa maziwa. Meza yangu ina miguu minne. Kwa hiyo meza yangu inatoa maziwa. Umbo ni lilelile. Kufanana katika jambo moja hakukupi haki ya kudai kufanana katika jambo lingine, mpaka uonyeshe kwamba la kwanza ndilo linaloleta la pili. Kuchekwa hakumfanyi mtu awe sahihi. Maji yaliganda au hayakuganda bila kujali darasa lilicheka kiasi gani.

Kuna tatizo la hesabu pia. Tufanye wapo watu 1,000 waliowahi kutoa madai ya ajabu wakachekwa. Tufanye tena kwamba 5 kati yao walikuwa sahihi (namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano tu). Wale 5 wanaandikwa vitabuni. Wale 995 nani anawakumbuka? Hakuna anayempa mtoto wake jina la mtu aliyechekwa akawa amekosea kweli. Ukiangalia nyuma unawaona washindi peke yao, unadhani kuchekwa ni dalili ya ushindi. Kumbe ukijua kitu kimoja tu kuhusu mtu, kwamba anachekwa, katika mfano wetu nafasi yake ya kuwa sahihi ni 5 kati ya 1,000.

Kosa la pili: Mpemba alifanya kitu ambacho jamaa hajafanya

Swali la Mpemba kwa Osborne lilikuwa na nini? Kiasi cha maji: sawa. Joto la kuanzia: 35 na 100. Chombo: bika mbili zinazofanana. Mahali: friji. Matokeo yanayotarajiwa: hii inaganda kabla ya ile. Mtu yeyote duniani mwenye friji angeweza kumwumbua. Hakuhitaji kumwamini Mpemba, hakuhitaji hata kumjua.

Mwanafalsafa Karl Popper, katika kitabu alichotoa mwaka 1934, alisema hapo ndipo penye mpaka kati ya dai la kisayansi na madai mengine: dai la kisayansi linasema mapema ni tokeo gani likitokea litaliangusha. Wengine wamembishia Popper kwa sababu nzuri, kwani wanasayansi wa kweli hawaachi nadharia kila jaribio moja linapoenda kombo. Lakini kama swali la kumuuliza mtu, linabaki kuwa zuri sana: "Ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba umekosea?"

Mpemba alikuwa na jibu: ya baridi ikiganda kwanza, kila mara, nimekosea. Jamaa wa stendi ana jibu gani? Nilisubiri nisikie. Mama mmoja alimwambia alitumia mwezi mzima sukari haikushuka. Akajibiwa hakufuata masharti. Mwingine sukari ilipanda. Akajibiwa hiyo ni sumu inatoka mwilini. Ikishuka, dawa imefanya kazi. Ikibaki palepale, ongeza chupa. Ona kwamba hakuna tokeo linaloweza kumpinga. Mtu anaweza kuona hiyo ni nguvu ya dawa, lakini dai linalokubaliana na kila kitu halijakuambia chochote kuhusu sukari yako.

Tumewahi kupita njia hii

Kama ulikuwa na akili timamu mwaka 2011, hasa huku kaskazini, unakumbuka Kikombe cha Babu. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, alikuwa akitoa dawa ya mizizi ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500 kikombe. Ilisemwa inatibu kisukari, presha, kansa, pumu, hata UKIMWI. Walikwenda watu kwa maelfu, kutoka Tanzania na nchi jirani, na viongozi wa serikali miongoni mwao. Babati ipo njiani kwa wanaotoka Singida na Dodoma: unapita hapa, unafika Makuyuni, unakata kushoto kwenda Mto wa Mbu, kisha unaianza ile safari ya vumbi. Foleni ya magari huko mbele ilipimwa kwa kilomita. Mwishoni mwa Machi 2011 Mchungaji mwenyewe aliomba watu wasitishe kuja kwa muda ili msongamano upungue.

Nataka tuziangalie hoja za wakati ule, kwa sababu hazikufa Mchungaji alipofariki mwaka 2021. Zipo stendi, zimebadili chupa.

*"Watu wote wale wanaweza kukosea?"* Ndiyo, wanaweza. Lakini swali lenyewe limekaa vibaya. Wale maelfu hawakuwa maelfu ya vipimo. Wengi walikwenda kwa sababu wengine walikwenda. Mtu mmoja akikuambia jambo ni ushahidi mmoja. Watu mia wakirudia walichosikia kwa yule mmoja, bado ni ushahidi mmoja uliopigiwa kelele.

*"Anatoza shilingi 500 tu, angekuwa tapeli angetajirika."* Hii ilikuwa na nguvu sana, na kwa kweli ni ya haki kama unajadili tabia ya mtu. Lakini kuna uwezekano wa tatu kati ya tapeli na tabibu: mtu mwaminifu aliyekosea. Uaminifu unakuambia mtu anaamini anachosema. Haukuambii kama anachosema ni kweli. Na kinyume chake ni sahihi pia: kampuni ya dawa inayotafuta faida inaweza kuuza dawa inayofanya kazi.

*"Wataalamu wa serikali wamesema ni salama."* Dawa ile ilichunguzwa kwa haraka na wataalamu wakasema, kwa kiwango kilichokuwa kinanyweka, haina madhara kwa binadamu. Mitaani taarifa ile ikageuka kuwa "serikali imethibitisha inatibu". Chai ni salama. Uji ni salama. Usalama na uponyaji ni maswali mawili yenye vipimo viwili tofauti, na jibu la moja haliwezi kukopeshwa kwa jingine.

*"Mimi mwenyewe nimepona."* Hii ndiyo ngumu, kwa sababu mbele yako kuna mtu, na ukimpinga unaonekana unamwita mwongo. Si lazima awe mwongo. Presha hupanda na kushuka siku hadi siku. Watu hutafuta dawa siku ambazo hali ni mbaya kuliko kawaida, na baada ya siku mbaya kupita kiasi mara nyingi hufuata siku ya kawaida, hata ukinywa maji matupu. Pia, nani anatoa ushuhuda? Aliyejisikia nafuu anarudi kusimulia. Asiyepata nafuu anakaa kimya, na aliyekufa hasemi kabisa. Ukitaka kujua kikombe kimefanya nini, unahitaji daftari lenye majina ya wote waliokunywa, siyo wale waliorudi kushukuru, na kundi jingine la wagonjwa kama wao ambao hawakunywa, ili ulinganishe.

Kwa VVU hatari ilikuwa wazi zaidi. Kuna watu walioacha vidonge vya kufubaza virusi wakiamini wamepona. Mtu akiacha vidonge hivyo anaweza kujisikia mzima kwa muda, huku virusi vinarudi kuongezeka ndani ya wiki chache. Kujisikia vizuri kulikuwa kipimo kibovu kabisa cha ugonjwa ule.

Na *"ukikosa imani haifanyi kazi"*? Unaikumbuka hiyo? Sina neno na imani ya mtu. Ila ukishaweka sharti hilo, kila aliyepona anahesabiwa upande wa dawa, na kila asiyepona anahesabiwa upande wa imani yake haba. Mchezo ambao timu moja haiwezi kufungwa si mchezo wa kupima nani anajua mpira.

Lakini subiri, wapinzani nao

Haitakuwa haki nikiishia hapo. Upande wa pili wakati ule ulikuwa na hoja mbovu zake.

Vyombo vya habari viliripoti kwamba zaidi ya watu 50 walifariki wakiwa kwenye foleni ya Samunge. Baadhi ya wapinzani wakasema: unaona, kikombe kinaua. Hapana. Wengi waliokuwa pale walikuwa wagonjwa mahututi, na wengine walitolewa hospitali. Kati ya maelfu ya watu wagonjwa sana, baadhi watafariki popote watakapokuwa. Ili useme foleni iliwaua, ungehitaji kujua wangefariki wangapi wakibaki wodini. Ni kosa lilelile la "nimekunywa, nimepona", limegeuzwa likawa "amekunywa, amekufa".

Wengine walisema: ni mizizi ya porini, kwa hiyo ni upuuzi. Nayo si hoja. Kwinini ilitoka kwenye magome ya mti. Artemisinini, ambayo leo imo ndani ya dawa mseto za malaria tunazopewa zahanati, ilitoka kwenye mmea uliotajwa katika maandiko ya kale ya tiba ya Kichina. Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Alisoma maandiko ya kale, akatengeneza dondoo, ikashindwa, akabadilisha namna ya kuichuja, akaipima kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa. Mmea ulipotoka hakukumuaibisha, na wala hakukumpa msamaha wa kupima.

Na hapa ndipo mwalimu wa Mpemba anapohusika. Kosa lake halikuwa kuwa na shaka. Shaka yake ilikuwa ya busara: kwa alichojua, maji ya moto lazima yapite kwanza kwenye joto la maji ya baridi kabla ya kuganda. Kosa lilikuwa kumaliza mjadala kwa kicheko wakati friza ilikuwepo. Osborne naye alikuwa na shaka ileile. Tofauti yao ni jaribio moja.

Fundi wa maabara, yule wa kurudia mpaka lipatikane jibu sahihi, ni sisi sote. Alikuwa na jibu kichwani kabla ya kipimo. Angefika jibu alilolitaka angeacha kurudia. Mfanyabiashara wa vichupa anafanya hivyohivyo, upande wa pili tu.

Na Mpemba alikuwa sahihi kweli?

Swali hili huwa linawashtua watu, kana kwamba nimetukana taifa. Jibu la kweli ni kwamba bado linajadiliwa. Kwanza, wazo lilikuwa la zamani. Aristotle aliligusa, na Bacon na Descartes pia. Mwaka uleule wa 1969 mtafiti mmoja wa Kanada, G. S. Kell, alichapisha makala yake kuhusu jambo hilohilo, bila kuijua ya Mpemba. Yametolewa maelezo mengi: mvukizo hupunguza maji ya moto, maji huzunguka ndani ya chombo kwa namna tofauti, chombo cha moto huyeyusha barafu chini yake kikagusana vizuri na friza, na kadhalika. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 20,000. Majibu mengi kiasi hicho ni dalili kwamba hakuna lililotosha.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia majaribio kwa uangalifu na kupitia data za wengine. Walihitimisha kwamba hawakuona ushahidi wa kuaminika kuwa maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi, na wakaonyesha kwamba ukikosea urefu wa kipimajoto ndani ya maji kwa sentimita moja tu unaweza kupata "athari ya Mpemba" ambayo haipo. Ilipofika 2020, Avinash Kumar na John Bechhoefer wakaonyesha tabia inayofanana na hiyo, tena kwa uwazi, ila kwenye punje ndogo mno ndani ya maji, siyo kwenye maziwa ya aiskrimu.

Sasa angalia. Zaidi ya miaka 50 baadaye, watu wenye maabara za mamilioni wanabishana kuhusu swali la kijana wa Lushoto, na hakuna aliyelitetea kwa kusema "alichekwa". Wanalitetea na kulipinga kwa vipimajoto. Heshima aliyopewa Mpemba ni hiyo: swali lake linapimwa tena na tena, hata na watu wanaotaka kuliangusha. Jamaa wa stendi anataka heshima hiyo bila kupimwa hata mara moja.

Shangazi

Nitakuambia nilichofanya nyumbani, na nilianza vibaya. Niliiona chupa, nikacheka. Nikasema, "Shangazi, na wewe unanunua vitu vya stendi?" Alinyamaza. Baadaye akaniambia kwa utulivu: "Nyie mkisoma mnatuona sisi wajinga." Kumbe nilikuwa nimekuwa mwalimu wa Mpemba, na nilikuwa nimempa jamaa wa vichupa ushahidi anaoutaka. Sasa walikuwa wawili wanaochekwa pamoja.

Kesho yake niliomba radhi, nikauliza vizuri. Tukaandika kwenye karatasi mambo yote yaliyobadilika wiki ileile aliyoanza unga. Alianza unga, ndiyo. Aliacha vidonge. Na jamaa alikuwa amempa masharti: hakuna soda, hakuna sukari kwenye chai, ugali upungue, atembee kila jioni. Mambo matatu kwa mpigo. Kutulia kwa tumbo kumeletwa na lipi? Vidonge alivyokuwa anatumia vinajulikana kwa kusumbua tumbo kwa baadhi ya watu. Ukiviacha, tumbo linatulia, hata ukianza kula udongo. Na mwili mwepesi? Kutembea peke yake kunatosha. Lakini kwenye mpangilio wa jamaa, sifa zote zilikwenda kwenye chupa.

Halafu nikamwuliza swali la Popper, kwa maneno ya nyumbani: "Shangazi, tukipima sukari, ikisoma ngapi utasema unga haufanyi kazi?" Alifikiri kidogo. Akataja namba mwenyewe. Tulikubaliana kabla ya kupima, hilo ni muhimu, maana ukishaona jibu ni rahisi sana kusogeza goli. Tulikwenda kliniki asubuhi, hajala. Ilisoma juu, tena mbali na namba aliyoitaja.

Hakulia wala hakunisifu. Alimwambia muuguzi kuhusu tumbo, jambo ambalo kwa miaka yote hakuwahi kulisema kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Daktari akambadilishia aina ya kidonge na namna ya kukimeza, akamtaka arudi baada ya miezi mitatu kwa kile kipimo cha wastani wa sukari. Masharti ya kutembea na kuacha soda aliyaendeleza. Daktari alisema hayo ni mazuri sana, nami sina budi kumpa jamaa wa stendi haki yake kwenye hilo.

Unga bado upo juu ya kabati. Siwezi kukudanganya kwamba ameutupa.

Ukisikia hoja hii tena

Wewe utaisikia, labda wiki hii. Hauhitaji digrii kuijibu, na tafadhali usicheke. Uliza tu, kwa adabu kama yule kijana wa stendi, na usiishie kwenye swali la kwanza:

Ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba hii haifanyi kazi?

Walioitumia wote ni wangapi, na wale ambao hawakupona wako wapi?

Ni mambo gani mengine yalibadilika wakati huohuo?

Kujisikia nafuu ndicho kipimo chenu, au kuna kingine?

Na akikuambia hata Mpemba walimcheka, mwambie unakubali kabisa. Kisha mwombe akuonyeshe bika zake mbili.